Tiketi moja kutoka Köln hadi Roma: kwa nini huioni, na ufanye nini

*"Habari za kazi. Mimi na mume wangu, pamoja na binti yetu wa miaka tisa, tunategemea kwenda Ujerumani mwezi wa sita kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa Köln. Ndege tumeshapata, Dar hadi Frankfurt, na kurudi ni Frankfurt hukohuko, siku kumi na nane. Kutoka Köln tunataka twende Paris, tuvuke London siku mbili kwa binamu yangu, kisha Roma, halafu turudi. Nimetafuta tiketi ya Köln–Roma kwenye tovuti tatu. Ya kwanza imenipa bei. Ya pili inasema safari ipo ila bei haipatikani. Ya tatu inasema hakuna treni. Rafiki yangu kaniambia nisijisumbue, ninunue pasi ya Eurail niingie treni yoyote. Mume wangu anasema tukishapata viza ya Schengen hatuulizwi pasipoti tena mpaka siku ya kurudi. Mdogo wangu naye anasema tutumie tiketi yake ya mwezi. Nimfuate nani? Na tukate tiketi lini? Naogopa kupoteza hela."*

Dada, pole kwa kuhangaika. Tovuti zote tatu zimekwambia kweli, ila kila moja imesema kwa kadiri inavyojua. Swali lako nimelisoma mara mbili, na chini yake naona hofu moja: kulipa hela nyingi halafu ujikute kwenye stesheni ya ugenini, mtoto mkononi, mizigo miguuni, unaambiwa tiketi yako haifai. Hofu hiyo ina msingi. Nitaanza na sababu, maana ukishaijua, maneno ya rafiki, ya mumeo na ya mdogo wako utayapima mwenyewe.

Wewe ni mtu wa Dar, kwa hiyo jambo hili unalijua kuliko unavyodhani. Anayekwenda Mbeya kwa treni haendi Stesheni ya katikati ya mji, anakwenda Tazara. Anayekwenda Dodoma kwa SGR hana shughuli na Tazara. Mashirika mawili, madirisha mawili ya tiketi, na hata upana wa njia haufanani: Tazara ni milimita 1,067, SGR ni 1,435, na ile reli ya kati ya zamani ni mita moja kamili. Hakuna anayeshangaa. Sasa chukua hali hiyo uitawanye kwenye nchi zaidi ya ishirini. Ulaya kwa macho inaonekana reli moja, na kweli nchi nyingi zinatumia milimita 1,435 (zipo zilizojitenga, kama Hispania ya zamani na 1,668 yake). Lakini umeme wa Ujerumani, Austria na Uswisi ni wa kilovolti 15, Ubelgiji wanatumia 3, Uholanzi moja na nusu, Ufaransa wana aina mbili ndani ya nchi moja. Kichwa cha treni kinachovuka mipaka kimetengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Na kama umeme haukuunganishwa, usitegemee kwamba kompyuta za tiketi zimeunganishwa. Kila shirika lilizaliwa kama mali ya dola yake, likiwa na ratiba yake na bei yake, na kuuza tiketi ya jirani kunahitaji makubaliano ya wawili hao.

Hapo ndipo majibu matatu yanapotoka. Tovuti ya shirika la Ujerumani, kwa mfano, ina ratiba za karibu Ulaya nzima, lakini kuijua ratiba si kuwa na ruhusa ya kuuza. Ndiyo ile "safari ipo, bei haipatikani". Iliyokupa bei yaelekea ni wakala anayeokota tiketi mbili tatu za mashirika tofauti na kukuuzia kwa pamoja. Iliyosema hakuna treni ama inajua treni zake tu, ama tarehe yako haijafunguliwa. Hilo la mwisho huwatisha watu bure. Wanaona patupu wanadhani treni zimejaa, kumbe hazijaanza kuuzwa.

Sasa tuje kwenye kiini. Unaponunua tiketi ya treni Ulaya, ukishaangalia bei angalia mkataba unaanzia wapi na unaishia wapi. Chukua safari ya Köln hadi Milano kupitia Basel. Treni ya kwanza imechelewa dakika arobaini, ya pili imeondoka bila wewe. Ukiwa na tiketi moja inayofunika Köln–Milano, yaani mkataba mmoja, shirika lina wajibu wa kukufikisha, na unapanda treni inayofuata bila kulipa. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, yule wa pili atakwambia, kwa adabu kabisa, kwamba treni yake iliondoka kwa wakati. Umepoteza. Na ukiwa na tiketi rahisi ya kufungwa na treni moja, hiyo ya pili unainunua upya kwa bei ya siku hiyo.

Usidhani kuchelewa ni bahati mbaya ya nadra. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Ujerumani zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na wao huhesabu "kwa wakati" hata ukichelewa chini ya dakika sita. Watu wetu wakifika huku hushangaa sana. Sifa za Wajerumani na saa wamezisikia tangu shuleni.

Sheria ipo, tena nzuri. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, inayotumika tangu Juni 2023, inasema ukifika umechelewa dakika 60 hadi 119 unarudishiwa asilimia 25 ya nauli, na dakika 120 au zaidi asilimia 50. Mgomo wa wafanyakazi wa reli haukubaliki kuwa kisingizio. Hali ya hewa kali isiyo ya kawaida inakubalika. Ikionekana utachelewa dakika 60 au zaidi, una hiari ya kuendelea, kupangiwa njia nyingine, au kurudishiwa hela. Wakikaa dakika 100 bila kukwambia utaendeleaje, una haki ya kutafuta treni au basi lingine mwenyewe na kudai gharama. Ila yote hayo yanapimwa kwa mkataba. Treni ya kwanza iliyochelewa dakika arobaini, kwa tiketi yake peke yake, haijafika hata hizo sitini. Wakala aliyekuunganishia tiketi kwa hiari yake anatakiwa akwambie wazi kabla hujalipa kwamba hizo ni tiketi tofauti. Asipokwambia, na ukakosa treni ya kuunganisha, anawajibika kukurudishia hela yote na fidia ya asilimia 75 juu yake. Kwa hiyo soma ile sentensi ndogo iliyo juu ya kitufe cha kulipa. Wanaiandika kwa herufi za kutafutia kwa tochi.

Kutokana na hayo nina kanuni moja ninayowapa wote ninaowapangia safari: *tiketi zikatikie mahali unapolala*. Kama mkataba mmoja unaishia Paris na mwingine unaanzia Paris, na katikati umelala Paris, treni ya kwanza ichelewe hata saa nne, hujapoteza kitu zaidi ya chakula cha jioni. Kama mikataba inakatikia kwenye stesheni unayobadilishia treni kwa dakika ishirini na tano, umecheza kamari na hela ya ada ya mtoto. Na pale ambapo huna budi kuunganisha mikataba miwili siku moja, weka nafasi ya saa mbili au zaidi, na hakikisha treni yako ya pili si ya mwisho siku hiyo.

Tuje kwa rafiki yako na pasi yake. Ana nusu ya ukweli. Eurail, pasi moja ya kupandia treni za nchi nyingi, ni ya watu wanaoishi nje ya Ulaya, kama nyinyi. Mdogo wako akiwa mkazi wa Ujerumani hainunui, yeye ni wa Interrail, pasi kama hiyo ya wakazi wa Ulaya, na hiyo ndani ya Ujerumani anayoishi itamfaa kwa siku mbili tu, ya kutoka na ya kurudi. Mtoto wa miaka 4 hadi 11 anapewa pasi bure akiwa na mtu mzima, kwa hiyo binti yenu hajalipiwa. Mpaka hapo sawa. Lakini "treni yoyote" ndiyo inayowaponza watu. Ujerumani, Austria, Uswisi, Ubelgiji na Uholanzi, treni nyingi za ndani unapanda na pasi yako bila kuuliza. Ukienda kwenye treni za kasi kama TGV ya Ufaransa, Eurostar na Frecciarossa ya Italia, au treni ya usiku, lazima ukate nafasi ya kiti na kuilipia, na mtoto mwenye pasi ya bure naye analipiwa kiti. Kwenye Eurostar kiti hicho kinaweza kufika yuro thelathini na zaidi kwa mtu mmoja, na viti walivyowatengea wenye pasi vina ukomo: treni inaweza kuwa na nafasi tele kwa wanaolipa nauli kamili, wewe mwenye pasi ukaambiwa zimeisha. Tena kuna kampuni zisizoitambua kabisa, kama Italo ya Italia na Ouigo ya Ufaransa.

Tazama basi njia yenu: Köln–Paris ni Eurostar, Paris–London ni Eurostar, Paris–Milano ni TGV au Frecciarossa, Milano–Roma ni Frecciarossa, na kurudi kaskazini ni treni ya usiku. Mmezikusanya karibu zote zinazodai kiti, utadhani mmezichagua makusudi. Kwa safari yenye tarehe zinazojulikana namna hii, mimi nisingenunua pasi. Ningekata tiketi moja moja mapema. Pasi ingewafaa kama mngekuwa na wiki mbili za kuzurura Ujerumani, Uswisi na Austria, leo mnaamka mnaona jua mnaamua kwenda ziwani. Hata hivyo piga hesabu mwenyewe siku hiyo hiyo, pasi pamoja na viti upande mmoja, tiketi tupu upande wa pili, kwa sababu bei hubadilika.

Tiketi ya mwezi ya mdogo wako ni ya treni za mkoa na mabasi ya Ujerumani. Haipandi ICE, yaani treni za kasi za Ujerumani, haipandi Eurostar, na ina jina lake. Amalizane nayo yeye.

Mumeo sasa, na hapa naomba akae nawe msome pamoja, maana hapa ndipo hela kubwa ilipo. Ni kweli kwamba ndani ya Schengen, nchi 29, hakuna dirisha la pasipoti mpakani. Lakini kutokuwepo dirisha si kutokuwepo polisi. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na mara nyingi askari wanapanda treni stesheni ya kwanza baada ya mpaka na kupita behewa kwa behewa. Pasipoti zikae mwilini, si kwenye begi lililo juu ya rafu ya behewa jingine. Nakala ya kwenye simu haitoshi.

Kubwa zaidi ni London. Uingereza haimo Schengen. Mnahitaji viza yao nyingine kabisa, kila mmoja yake, na mtoto pia. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni hili: mkipanda Eurostar Paris kwenda London, mnagongewa kutoka Schengen palepale Gare du Nord, kabla hata ya kuiona treni, na hatua chache mbele yupo afisa wa Uingereza anayewaingiza nchini kwake mkiwa bado mmesimama Paris. Kwa hesabu ya viza mmeshatoka. Mkirudi Paris siku mbili baadaye, hiyo ni kuingia mara ya pili. Kama viza yenu ya Schengen imeandikwa kuingia mara moja, imekufa Gare du Nord. Nimemwona mama mmoja London, stesheni ya St Pancras, ambako Wafaransa nao wana afisa wao, ameshika tiketi halali ya kurudi Paris na viza yenye siku kumi zilizobaki, na kwenye mstari wa idadi ya kuingia imeandikwa 1. Hakuna mtu pale mwenye mamlaka ya kumsaidia. Basi kwenye fomu ombeni kuingia mara nyingi, na muambatishe maelezo ya safari yanayoonyesha wazi kwamba mtatoka kwenda London na kurudi. Viza ikitoka, kitu cha kwanza kusoma ni huo mstari, kabla ya picha, kabla ya tarehe. Stempu zenyewe, tangu Oktoba 2025, zinabadilishwa na usajili wa picha na alama za vidole kwenye mpaka wa nje. Mtoto chini ya miaka 12 haguswi vidole, anapigwa picha tu. Hesabu ya kuingia na kutoka ni ileile.

Viza ya Schengen mnaiomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwenu bila shaka Ujerumani, kwa sababu ya mdogo wako. Msije mkapanga Roma siku nane na Köln tano, kisha mkaenda kwa Wajerumani. Mnaweza kuanza kuomba miezi sita kabla ya safari, na uamuzi kwa kawaida huchukua hadi siku 15, wakati mwingine zaidi. Ya Uingereza kwa kawaida ni wiki tatu. Kumbuka pasipoti moja haiwezi kulala balozi mbili usiku mmoja, kwa hiyo hesabu muda wa moja baada ya nyingine. Na mpaka viza zote ziwe mkononi, msikate tiketi isiyorudishwa hela. Ubalozi unataka kuona mpango wa safari, si tiketi mliyokwisha kuichoma hela.

Mawazo yangu ya wazi, na unaweza kuyakataa: London ya siku mbili ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika safari hii. Viza tatu za ziada, Eurostar kwenda na kurudi kwa watu watatu, na hatari ya kile kimstari. Binamu akikubali kupanda yeye aje Paris, mwafaka zaidi. Kama ni lazima London, basi mimi ningeiacha Roma. Vyote viwili kwa siku kumi na nane mkiwa na mtoto wa miaka tisa vinawezekana kwenye karatasi.

Tuseme mmechagua Roma. Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt, stesheni ya treni za masafa iko hapohapo uwanjani, na ICE hadi Köln ni mwendo wa kama saa moja. Usikate tiketi rahisi ya kufungwa na treni moja kwa siku ya kutua: ndege ikichelewa, shirika la reli halihusiki. Kata ile isiyofungwa, au jipe saa tatu. Mtajeni mtoto kwenye tiketi tangu mwanzo, kwa umri wake treni za ndani ya Ujerumani anasafiri bure na wazazi, lakini lazima awemo. Köln–Paris ni Eurostar ya moja kwa moja, muda wa saa tatu na dakika ishirini hivi, inafika Gare du Nord. Zamani iliitwa Thalys, jina hilo liliachwa mwaka 2023, mkiambiwa Thalys na mtu wa zamani ni treni ileile. Laleni Paris.

Paris–Milano inaondokea Gare de Lyon, si Nord. Paris haina stesheni kuu moja. Ukitoka Nord kwenda Lyon ni treni ya mjini ya mstari RER D, kituo cha pili. Safari hadi Milano ni kama saa saba, na njia ile inapita bonde la Maurienne kwenye Alpi, ambako Agosti 2023 mlima uliporomoka juu ya reli na treni zikakatika hadi mwisho wa Machi 2025. Nakutajia ili ujue kwa nini hata tiketi nzuri inahitaji kutazamwa tena wiki moja kabla. Mashirika mawili yanashindana hapo: Frecciarossa ya Italia inafika Milano Centrale, TGV ya Wafaransa inaishia Milano Porta Garibaldi. Mimi mwenyewe, na kazi yangu ndiyo hii, niliwahi kusimama Centrale robo saa nzima nikiitafuta treni ya Paris kwenye ubao, mpaka nikaisoma tiketi yangu. Porta Garibaldi. Nilikimbia na begi kama mwizi. Ukitaka kuendelea Roma siku ileile, chukua Frecciarossa kwa tiketi moja ya Paris–Roma kama wanaiuza kwa tarehe yako. Vinginevyo laleni Milano. Kutoka hapo Roma ni saa tatu.

Kurudi, kuna treni ya usiku ya Waaustria, Nightjet, kutoka Roma hadi München. Inaondoka jioni, mnaamka Ujerumani. Mkishapanda Tazara mtajihisi nyumbani: vyumba vya vitanda vya pamoja, na vya ghali zaidi vyenye vitanda vichache na mashuka mazuri. Nyinyi watatu ulizieni chumba mtakachojifungia wenyewe. Vitanda huisha mapema kuliko kitu kingine chochote, na treni za usiku zenyewe huja na kuondoka: ile ya Vienna–Paris ilizinduliwa Desemba 2021 kwa shangwe, Desemba 2025 ikafutwa. Hakikisheni mmerudi Köln siku mbili kabla ya ndege, si asubuhi ya ndege.

Lini kukata? Nauli za treni za kasi huku zinakwenda kama za ndege: viti vichache vya bei ya chini, vikiisha vinafuata vya juu yake. Tiketi za mwezi wa sita nyingi hufunguliwa kati ya miezi mitatu na sita kabla, kila shirika kwa siku yake. Ratiba ya mwaka hubadilika katikati ya Desemba, na marekebisho madogo huja katikati ya Juni, ndiyo maana tarehe zako zinaweza kuchelewa kutokea. Ujerumani nayo inafunga njia nzima kwa ukarabati, kama Frankfurt–Mannheim iliyofungwa kwa miezi mitano mwaka 2024, na bei haitoki mpaka ratiba ya matengenezo ikamilike. Kwenu utaratibu ni viza kwanza, siku ileile kitanda cha usiku, kisha Eurostar, kisha Paris–Milano. Treni za ndani ya Ujerumani mwisho.

Tiketi rahisi ya Ujerumani inakufunga na treni moja, lakini ikitabiriwa mtafika mwisho wa safari mmechelewa dakika 20 au zaidi, kamba hiyo inakatika na mnapanda nyingine. Piga picha ubao unaoonyesha kuchelewa. Madai peleka ndani ya miezi mitatu.

Mambo madogo yanayovuruga safari za watu wetu. Majina: andika kama yalivyo kwenye pasipoti, jina la ukoo mahali pake, usiliweke la babu mahali pa la baba. Kadi: benki nyingi huzima malipo ya nje ya nchi mpaka uombe, na ujumbe wa namba ya siri ukichelewa nafasi inapotea. Mdogo wako anaweza kulipa kwa kadi yake, majina yakiwa yenu. Eurostar ya London, kama mtaichagua, inafunga milango nusu saa kabla, na foleni za pasipoti ni ndefu, fikeni saa moja na nusu mapema. Treni nyingine hazina habari hiyo: hakuna mashine ya mizigo kama ya SGR, unatembea moja kwa moja hadi behewani, na mlango unafungwa kabla ya saa yenyewe.

Na saa! Tiketi ikisema 06:42 hiyo ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili asubuhi, ikisema 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana. Mjomba wangu alipokuja nilimwandikia, "treni ni saa 3:10 asubuhi, tukutane stesheni." Nilimaanisha tatu yetu. Yeye akasema moyoni, huyu ameshakuwa Mzungu, akafika stesheni saa tisa ya usiku na koti la kuazima, akakaa na wasafisha sakafu mpaka kukakucha. Andikianeni kwa tarakimu za tiketi tu. Kumbuka pia mwezi wa sita Köln iko nyuma ya Dar kwa saa moja, London kwa mbili.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza. Kama yeyote kati yenu amewahi kunyimwa viza ya nchi hizi, au mtoto ana pasipoti yenye jina tofauti na lenu, nenda ukaulize kwenye kituo cha maombi au kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu. Kama kuna anayetumia kiti cha magurudumu au hawezi ngazi, shirika la reli lijulishwe angalau saa 24 kabla, nao watamweka mtu wa kumpokea. Na kwa tiketi zenyewe, mnaye mtu Köln, jambo ambalo wengi hawana. Ndani ya stesheni kuu, hatua chache kutoka lile kanisa kubwa, kuna ofisi ya tiketi iitwayo Reisezentrum yenye wahudumu wanaouza safari za nje. Mdogo wako aende asubuhi ya katikati ya wiki, achukue namba, awe na karatasi yenye majina yenu, tarehe za kuzaliwa na siku za safari. Aulize maneno mawili tu: je, hii ni tiketi moja au mbili, na tukikosa ya kuunganisha nani anatubeba. Jibu aliombe kwa maandishi, hata kama ni kwa kalamu nyuma ya risiti.